Mama Hataki Kuhama: Taa, Birika na Kengele ya Jirani

Mamangu alianguka saa kumi za alfajiri, baina ya kitanda chake na mlango wa choo, akakaa pale sakafuni mpaka saa moja ya asubuhi, alipokuja mtoto wa mahamri akabisha hodi. Mtoto yule, Mungu amjaalie kheri, hakuweka mahamri yake mlangoni akenda zake. Alisikia sauti ndogo ndani ikisema "Karibu", sauti ya mtu anayemkaribisha mgeni naye mwenyewe hawezi kuinuka, akakimbia kwa jirani kuita watu.

Mimi wakati huo nilikuwa Likoni, nimelala fofofo. Baina yangu na Mji wa Kale pana maji na feri tu, na kila Ijumaa baada ya sala huwa nakwenda kumwamkia, kwa hivyo nilikuwa nikijihesabu kuwa ni mtoto mwema. Kumbe saa tatu nzima mamangu alikuwa juu ya sakafu ya saruji, kifundo cha mkono kimevunjika, akituombea dua mimi na ndugu zangu. Haya aliyasema mwenyewe baadaye, wala hakuyasema kwa lawama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Wasomaji wapenzi, najua kuwa si wachache kati yenu wenye mzazi anayekaa peke yake. Zamani nyumba zetu zilijaa watu hata mzee akikohoa usiku huitikiwa na sauti tatu. Leo mmoja yuko Maskati, mmoja yuko Nairobi, mmoja kaolewa Uingereza, na nyumba ya ghorofa iliyokuwa na watu kumi na wawili imebakia na bibi mmoja na paka wake. Nataka kuwasimulia tuliyoyafanya sisi, na nitaanza na makosa.

Baada ya mkono kutiwa plasta tulifanya kikao, kwa simu, kama vilivyo vikao vya siku hizi. Kaka yangu aliyeko Maskati alitaka Mama ahamie fleti ya Nyali yenye lifti. Dada yangu alitaka amchukue Nairobi. Mimi nikatoa rai ya kuandika mtumishi wa kulala. Mama alitusikiliza sote, simu imewekwa juu ya mto, kisha akasema:

"Nyumba hii nimeolewa ndani yake, nimewazaa ndani yake, na babenu ametolewa ndani yake kwenda kuzikwa. Huko Nairobi nitamwamkia nani? Na huyo mtumishi, msichana wa mchana anitosha. Usiku wangu ni wangu."

Dada alilia. Kaka akasema kwa Kiarabu neno ambalo Mama alilijibu kwa Kiarabu kilicho bora kuliko chake, kwani mamangu alikuwa mwalimu wa chuo miaka thalathini, na wanawake wengi wa mtaa ule wameshika juzuu yao ya kwanza mbele yake.

Nilipotulia nikaona kuwa haki iko upande wake. Sisi hupenda kusema mzee amekuwa mkaidi, kana kwamba akili humtoka mtu pamoja na meno. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, imewawekea wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, kuishi kwa heshima, na kupata matunzo ya jamaa zao na ya serikali. Matunzo yametajwa, lakini heshima nayo imetajwa. Sisi tulikuwa tumeshika moja tukaliacha jingine.

Walakini hofu haikuondoka. Kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao ni waliopita umri wa miaka 60. Mzee anapoinuka ghafla kitandani presha yake huweza kushuka, kichwa kikamzunguka. Na jicho la uzeeni lahitaji mwanga mwingi zaidi kuliko jicho la kijana. Mama anaamka gizani kila siku ya Mungu kwenda kutia udhu. Hiyo ndiyo njia aliyoangukia, na ni njia ambayo hataiacha maadamu yu hai.

Mwezi mmoja ukapita. Likaja boksi kutoka Maskati.

Ndani yake mlikuwamo kamera mbili ndogo, nyeupe, za kubandika ukutani, na spika ya duara inayozungumza. Kaka alinielekeza kwa simu jinsi ya kuziunganisha na mtandao, na jioni ile ile tukamwona Mama sote watatu, kila mtu katika simu yake: Mama ukumbini akipeta mchele. Dada akafurahi mno. Ile ya pili niliitia chumbani, imeelekea kitandani, nikamwambia Mama kuwa ni chombo cha kutuwezesha kujua kama hajambo. Sikumwambia zaidi. Hapo msomaji atanilaumu, na anilaumu.

Asubuhi ya pili tulipofungua simu tuliona maua makubwa mekundu na maandishi yaliyopinduka. Mama alikuwa ameifunika kamera kwa leso.

Nikavuka feri. Nilimkuta ameketi barazani kwa ndani, buibui lake limekunjwa pembeni, uso umekunjamana. Aliniuliza kama ni kweli alivyoambiwa na mjukuu wake, kuwa kidude kile chamwonyesha mtu akiwa Maskati mpaka nywele zake. Nikasema ni kweli.

"Nimewasomesha wana wa watu Suratun Nur miaka thalathini," akasema. "Leo wanangu ndio wasiobisha hodi?"

Anayeijua sura hiyo ataelewa kwa nini sikuwa na jawabu. Katika aya ya 27 waumini wamekatazwa kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Tena katika aya ya 58 zimetajwa nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani na watumishi wataka ruhusa: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri mtu anapovua nguo zake, na baada ya sala ya isha. Kamera yetu ilikuwa imeingia nyakati zote tatu pamoja, haikugonga mlango, na mlangoni mwake walikuwa wamesimama watu watatu, bila ya kuhesabu kampuni iliyoiuza, kwani picha za kamera nyingi za namna hii huhifadhiwa katika mitambo ya mbali, nasi hatujui nani huzishika.

Nikazing'oa zote mbili. Spika nayo haikukaa. Mama aliiamuru "Washa taa" mara tatu, nayo ikamjibu kwa Kiingereza kuwa haikufahamu. Akaniambia mgeni asiyejua hata salamu hamfai kitu. Spika ile sasa iko kwa dada yangu, na watoto wake huisikilizia nyimbo.

Nilikuwa karibu kukata tamaa na mambo haya ya vidude, mpaka saa yake ya adhana ilipolia. Wengi wenu mnayo saa hiyo, ya kijani au ya dhahabu, yenye umbo la msikiti, ambayo ukishaichagulia mji hukuadhinia mara tano kwa siku. Ya Mama iko juu ya kitanda miaka mingi. Hakuna aliyemfundisha kuipenda. Nikajiuliza: mamangu asemaye hataki mashine, mbona hii anaitaka? Jawabu ni nyepesi. Saa ile yamtumikia yeye. Haimsemei kwa mtu.

Basi nikaanza upya, na safari hii kila nilichokileta nilikiweka kwanza mkononi mwake, nikamweleza kinafanya nini na kinampa habari nani, kisha nikamwachia aseme ndiyo au la.

Cha kwanza kilikuwa taa. Kuna taa ndogo za betri ziwakazo zenyewe mtu akipita na kuzimika akishapita. Bei yake si ya kutisha. Tatu nilizonunua Mwembe Tayari hazikufika gharama ya kwenda hospitali mara moja kwa teksi. Ndani yake mna kijicho kinachohisi joto la mwili linapotembea. Kwa hiyo si kamera, haina picha yoyote, na Mama aliuliza swali hilo mara mbili. Nilizibandika chini, kiasi cha dhiraa moja kutoka sakafuni, ili zimulike miguu zisimpige machoni: moja kando ya kitanda, moja ukumbini penye kizingiti kirefu, kwani nyumba zile za kale zina vizingiti vya kumwangusha hata askari, na moja chooni.

Mambo mawili sikuyajua. Kwanza, vijicho hivyo hutofautisha joto la mtu na joto la mahali, na wakati wa kaskazi, chumba kinapokaribia kuwa na joto kama la mwili, huona karibu tu. Mwezi wa Machi ile ya ukumbini ilikuwa haiwaki mpaka Mama ameshaifikia. Nikaisogeza. La pili lilikuwa la chooni. Taa inazimika baada ya nusu dakika ikiwa mtu hatikisiki, na mtu aliyekaa chooni hatikisiki. Mama akawa kila mara ainua mkono kuipungia. "Nakaa humo," akaniambia, "kama naaga meli ya mahujaji." Hiyo nilibadilisha nikatia ya dakika tano.

Pamoja na taa fundi alifunga vyuma viwili vya kushikia, kimoja karibu na birika la maji ya udhu na kimoja kwenye ngazi, na tukauondoa mkeka uliokuwa ukiteleza. Havina umeme wala mtandao vitu hivi. Lau ningeambiwa nichague kimoja tu katika yote niliyoyafanya, ningechagua vyuma hivi na taa, nikayaacha mengine. Dawa zake nazo tukazitia katika kiboksi chenye vyumba saba vya siku, za asubuhi baada ya alfajiri na za usiku baada ya isha, ili saa ya adhana iwe ndiyo mkumbushaji. Ramadhani daktari wake ndiye aliyezipanga upya.

Lakini lilibaki swali la dada yangu: tutajuaje kama ameamka?

Hapo nikakumbuka habari ya Wajapani. Mwaka 1996 mjini Tokyo walikutwa mama mzee na mwanawe mgonjwa wamekufa ndani ya nyumba, na siku nyingi zilikuwa zimepita pasi na jirani kujua. Habari ile iliwatikisa watu. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi, watengenezaji wa vyombo vya chai, ikatoa birika la umeme ambalo kila mzee alipochemsha maji au kumimina, habari hupelekwa, na jamaa zake wakapata barua katika simu au kompyuta mara mbili kwa siku kuwa birika limetumiwa. Ndilo hilo tu. Hakuna picha, hakuna sauti. Mzee anakunywa chai yake kama alivyozoea, na mwanawe mji wa mbali anajua kuwa mama kanywa chai.

Birika lile sikulitafuta. Siku hizi kuna plagi za mtandao zinazotiwa baina ya soketi na chombo chochote, nazo hupima umeme unaopita. Nilimwomba Mama ruhusa ya kuitia kwenye birika lake la umeme. Akafikiri.

"Birika halina macho," akasema. "Liwekeni. Lakini nikifunga Jumatatu na Alhamisi, mtasema nimekufa?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku za funga yeye huchemsha maji ya daku saa kumi, wala haligusi birika tena mpaka magharibi. Tukaipanga simu ihesabu tangu saa tisa za usiku mpaka saa moja ya asubuhi. Birika likiwaka wakati wowote hapo, tunapata habari sote watatu. Lisipowaka, nampigia. Kaka yangu huko Maskati, aliye mbele yetu kwa saa moja, sasa huitazama simu yake kabla ya kwenda kazini, na ameniambia kuwa habari ile ya birika humtuliza kuliko ile kamera, ambayo aliifungua mara ishirini kwa siku na kila mara akaifunga na hofu yake.

Taabu haikukosa. Kuta za nyumba ile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, na mtandao hauzipenyi. Ilibidi kisanduku chake kihamishwe mpaka mlangoni pa jiko. Na siku moja umeme ulikatika tangu usiku. Saa moja ilipogonga simu zetu tatu zikalia kwa pamoja kuwa birika halijawaka. Nikampigia Mama, simu haipatikani, imekwisha chaji. Nikatoka na shati sijalifunga vifungo, nikapanda feri, nikakimbia kutoka kituo cha matatu mpaka mlangoni. Jiko la mkaa linawaka, chai iko tayari, na Mama na jirani yake wanakuna nazi.

"Mbona wahema?" akaniuliza.

Siku hiyo ndiyo niliyofahamu kuwa nimeiacha nguzo iliyo kubwa nikashughulika na misumari. Uingereza na Marekani, tangu miaka ya 1970, wazee wengi wamekuwa wakipewa kitufe cha kuvaa shingoni au mkononi. Mtu akianguka hukibonyeza, na simu huita katika kituo chenye watu usiku na mchana. Kituo chetu sisi kiko wapi? Kiko ukuta wa pili. Ni huyu mama aliyekaa hapa na mbuzi ya nazi, mwanafunzi wa Mama wa zamani, ambaye usiku ule wa kuanguka alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, na hakusikia kwa sababu ya kuta zile zile.

Nikanunua kengele ya mlango isiyo na waya, ya betri pande zote mbili. Kengele yenyewe tukaitundika chumbani kwa jirani. Kitufe, badala ya kukitia mlangoni, tulikitungia uzi Mama akivae. Boksi lilijisifu kuwa mlio wafika mita 150. Sisi tulihitaji hatua kumi tu, na hata hizo hazikupatikana mpaka tulipoisogeza kengele karibu na dirisha la uani. Tulijaribu kutoka kitandani, ukumbini, jikoni, na tukiwa tumelala chini sakafuni mahali pale pale, mimi nikiwa ndiye wa kulala. Haihitaji mtandao wala umeme. Jirani akapewa ufunguo, mbele ya Mama, kwa mkono wa Mama mwenyewe.

"Hirizi hii," akasema akiitazama, "haikusomewa." Lakini akaivaa.

Kila Ijumaa mjukuu wake mmoja hubonyeza kuona kama inalia, na kuzitia chaji taa. Hiyo ndiyo kazi ambayo wauzaji hawaitaji. Kidude kisicho na mtu wa kukitazama ni sawa na taa ya chemli isiyo na mafuta.

Ililia kwa haja mwezi wa Rajabu, kiasi cha saa nane za usiku. Mama ana maradhi ya sukari, na usiku ule alikuwa amelala bila kula vizuri. Aliamka anatetemeka, jasho linamtoka, akajaribu kusimama na miguu ikakataa. Taa ya kitandani iliwaka, akaona kitufe, akabonyeza. Jirani anasema hakumbuki kama alivaa viatu. Alimkuta amekaa chini, mgongo umeegemea kitanda, maneno yanamparaganyika, lakini anameza. Akamnywesha maji ya sukari, kisha mkate na tende, na baada ya robo saa Mama akawa anamwuliza mbona hakujifunika kichwa. Mimi nilipigiwa simu yamekwisha. Feri ya kwanza niliyoipata ilinifikisha kabla ya adhana, na tulikwenda kwa daktari kulipokucha, akampunguzia dawa.

Tangu siku hiyo dada yangu hakutaja tena Nairobi. Kaka alikuja likizo mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu mambo haya, naye ana ufunguo wake wa tangu utotoni. Nilimwona amesimama mlangoni, ufunguo mkononi, akabisha hodi akangoja, na ilichukua muda, kwani Mama sasa hutembea polepole.

Kuhusu kengele, tulikubaliana kuwa ni ya hatari tu. Mapatano hayo Mama ameyavunja. Jumapili nilipokuwa pale aliibonyeza mbele yangu, ana afya yake, na kabla sijasema neno jirani alikuwa ameshafungua mlango, anahema, ufunguo mkononi.

"Kuna nini, Mwalimu?"

"Hakuna kitu. Mahamri yameiva, na sauti yangu haipiti ukuta huu."

Walikaa wakanywa chai. Baadaye jirani aliniambia pembeni kuwa sasa wana hesabu yao wawili: mlio mmoja ni chai, milio mfululizo ni hatari. Nikamwuliza kama haoni usumbufu. Akasema mlio mmoja pia huja mbio, kwa sababu hajui kama wa pili utafuata.